Mti wa Dorika

Juzi mtoto wa jirani yangu alipata tetekuwanga, na mama yake akachemsha majani ya mwarobaini kwenye sufuria kubwa uani ili amwogeshe. Harufu ile chungu ikavuka ukuta, ikanikuta nimekaa nachambua mchele, nikausahau mchele. Wengine mwarobaini huwakumbusha homa. Mimi hunikumbusha msichana ambaye kwa muda mrefu nilimjua kwa jina tu, na jinsi nilivyochanganyikiwa kwa ajili yake. Nikisema kweli, kuchanganyikiwa huko hakujanitoka sawasawa mpaka leo.

Sisi tuliosoma miaka ya ruksa, biashara ilipofunguliwa, tunakumbuka jinsi maneno mapya yalivyoingia pamoja na bidhaa mpya. Duka la baba pale Kondoa mjini, nililozoea kuliona na chumvi, viberiti na rafu tupu, lilijaa ghafla sabuni za kunukia, kandambili za rangi na marobota ya mitumba. Shuleni nako liliingia neno mazingira. Jana yake hakuna aliyelitaja, leo liko kwenye nyimbo, kwenye mtihani, na kwenye fulana za wageni waliokuja na magari meupe. Lilikuja na toroli, na majembe, na miche ndani ya vifuko vyeusi vya nailoni, na walimu waliokuwa hawajali kama uwanja una nyasi au hauna wakaanza kutusimamia kana kwamba sisi ndio tuliokata msitu wa nchi nzima.

Mimi nilifika kidato cha kwanza kwa chaguo la pili, wenzangu wamekwisha kuanza. Wiki chache kabla ya safari tulikuwa tumemzika bibi yangu, mama yake baba, aliyenilea. Kwetu wanawake hatuendi kuzika, lakini siku zilipopita baba alinichukua kwenda kumzuru. Nikaona tuta la udongo mwekundu, urefu wa mtu, kibao upande wa kichwani chenye jina lake, na tawi bichi limechomekwa kando ya kibao. Baba akanipa kopo la maji nimwagie. Sikulia. Nilikuwa nashangaa tu kwamba bibi, aliyekuwa na sauti ya kumwita mtu kutoka sokoni akaitika, amekubali kulala chini pale kimya. Nilimwaga maji, nikasoma Fatiha, tukarudi dukani.

Kwa hiyo mniwie radhi kwa nilichokifikiri siku ya kwanza shuleni. Ilikuwa shule ya bweni ya wasichana, katika nchi kavu ya Wagogo, upepo unapiga toka asubuhi. Baba mdogo alinikabidhi kwa Matroni, akawahi basi lake. Mimi nikaburuta sanduku langu la bati kuzunguka bweni, na nilipotokea nyuma nikasimama. Mteremko mzima ulikuwa umejaa matuta. Matuta ya urefu wa mtu, safu kwa safu, kila tuta na kibao chake, kila kibao na jina la msichana, na kando ya kibao kijiti cha kijani. Wasichana wenye sare walikuwa wanapita katikati wakimwaga maji kwa makopo. Baadhi yao walikuwa wanacheka, na hilo ndilo lililonitisha zaidi.

Aliyetumwa kunionyesha kitanda alikuwa Eliza, binti wa mtumishi wa serikali kutoka Dodoma mjini, mwenye kujua kila kitu. Nikamuuliza kwa sauti ya chini, wote hawa walikufa kwa ugonjwa gani? Eliza alinitazama, akageuka kutazama mteremko, akacheka mpaka akakaa juu ya sanduku langu. Kabla ya kengele ya chakula bweni zima lilikuwa limepata habari, na jina la Makaburi nikabaki nalo mpaka kidato cha nne. Hata leo nikikutana na mmoja wao Dodoma sokoni ataniita hivyohivyo mbele ya wanangu.

Haikuwa makaburi. Ilikuwa kazi ya Mwalimu Kisanga, mwalimu wetu wa bayolojia na mlezi wa klabu ya mazingira. Ardhi ile ilikuwa tupu, na mvua ikinyesha maji yaliteremka kwa kasi na kuchimba korongo lililokuwa linasogelea mabweni kila mwaka. Mwalimu Kisanga alikuwa amemwagiza kila msichana achimbe mtaro mfupi kukata mteremko, udongo auweke tuta upande wa chini, na mche aupande mwishoni mwa mtaro, pale maji yanapokusanyikia. Kisima kilikuwa mbali, kwa hiyo tulioga ndani ya beseni, na maji yaliyobaki, pamoja na povu lake, yalikuwa ya mti. Mti wako ukifa, unaitiwa mzazi. Eliza alinieleza yote hayo bado anajifuta machozi ya kicheko.

Sasa, mimi nilikuwa nimechelewa. Mitaro ilichimbwa kabla ya mvua, na miche yote ilikuwa na wenyewe. Nikapewa mti mmoja katika safu ya mwisho kabisa, jirani na uzio wa miiba unaotenganisha shule na njia ya kwenda kijijini. Ulikuwa mwarobaini, umenifika magotini, na kibao chake kiliandikwa kwa rangi nyekundu: DORIKA NDAHANI, KIDATO CHA PILI.

Nilimwamkia Matroni, nikamuuliza huyu Dorika ni nani. Akasema alikuwa mwanafunzi. Nikauliza amekwenda wapi. Matroni akakaza khanga yake kiunoni, akatazama uzio, akasema nimwagilie mti, mwanangu, na nisiwe mtu wa maswali mengi. Nikamuuliza Eliza. Yeye, ambaye hakuna jambo asilolitolea maelezo, alitazama nyuma yake kwanza. Akaniambia nisilitaje hilo jina, Mkuu wa shule hataki kulisikia.

Nililielewa jambo hilo mara moja, au nilidhani nimelielewa. Nyumbani kwetu, tangu bibi aondoke, hakuna aliyelitaja jina lake mbele ya baba, kwa sababu angelia mbele ya wateja. Nikajua basi hapa pia kuna msiba, na Mkuu wa shule ameumia. Wasichana wengine wana miti kwa sababu wapo. Huyu hayupo, na jina lake lipo, na kuna tuta, na kuna kijani kichwani, na mimi mgeni nimepewa kopo la maji. Kila nilichokiona kilikuwa na maana moja tu. Ningeweza kumuuliza mtu waziwazi kama Dorika amekufa, lakini nilikuwa naitwa Makaburi, na sikutaka kuwapa la pili.

Ikawa kila jioni baada ya kuoga nachukua beseni langu mpaka safu ya mwisho, namimina maji polepole, halafu nasimama upande wa kichwani namsomea Fatiha. Sabuni ilinitia wasiwasi. Kumwagia marehemu maji yenye povu la sabuni nililiona si adabu, hivyo nilikuwa najibania maji ya mwisho yawe safi. Kisha nikaingiwa na wasiwasi mwingine, kwamba Dorika ni jina la Kikristo na huenda Fatiha haimfikii. Nikamwomba Eliza anifundishe wanavyowaombea wafu wao. Akadhani ni kwa ajili ya bibi yangu, akashangaa kidogo, lakini alikuwa na moyo mzuri, akanifundisha sala fupi ya Wakatoliki. Nikawa nasoma zote mbili. Baadaye sana nilikuja kujua kwamba Dorika ni Mwanglikana.

Na niseme jambo ambalo halikunichekesha wakati ule na bado halinichekeshi. Nilimpenda. Nilikuwa na miaka ya kitoto, nipo mbali na kwetu, sina mtu wa kuzungumza naye asiyeniita Makaburi. Nikawa namwambia Dorika habari za shule: nani kapata adhabu, hesabu zinanishinda wapi, chakula kina wadudu. Nilimwambia habari za bibi pia. Mti ukawa unakua kuliko miti yote ya mteremko. Wa Eliza uliliwa na mchwa, mama yake akaitwa kutoka Dodoma, na wangu unaongeza majani.

Hapo ndipo balaa lilipoanza. Ikatangazwa kwamba wageni wa mradi watakuja kukagua, na kwamba mti uliostawi kuliko yote utaonyeshwa kwao na mwenyewe atasimama kando yake. Mwalimu Kisanga akapita mteremko mzima na kijiti cha kupimia. Alipofika safu ya mwisho alifurahi, halafu akasoma kibao, na furaha ikamtoka. Jioni ile akanipa brashi na kopo la rangi nyeupe. Nifute jina lile, niandike langu.

Kuandika jina langu, mimi niliye hai, kwenye kibao cha kaburi! Kwetu mtu hafanyi mzaha kama huo hata akiwa mlevi. Nikasema siwezi, mwalimu. Akadhani nataka kubembelezwa. Nikasema tena siwezi, nikaweka brashi chini. Kesho yake nikaitwa ofisini kwa Mkuu wa shule, na njiani Eliza akaninong'oneza niombe msamaha haraka, kwa sababu wanasema mimi ni mtu wa Dorika na nitarudishwa nyumbani. Nikirudishwa Kondoa, shule ndiyo imekwisha. Baba alikwisha kuniambia hivyo, wala si kwa ukali. Shangazi zangu walikuwa wamemchosha kwa kumuuliza kila siku huyu msichana anasomeshwa kwa faida ya nani.

Mkuu wa shule alikuwa mama mrefu, mwenye miwani, asiyepandisha sauti. Mwalimu Kisanga alisimama dirishani. Nikasema shikamoo, wakaitikia wote wawili.

"Nani amekutuma kukataa?" akauliza Mkuu wa shule.

"Hakuna, mwalimu."

"Dorika unamjua?"

"Namjua, mwalimu. Namsomea kila jioni."

Wakatazamana. "Unamsomea nini?"

"Fatiha. Na sala aliyonifundisha Eliza." Nikaona hawajaelewa, nikajikaza, nikasema lote. "Siwezi kuandika jina langu kwenye kaburi la mtu, mwalimu. Naomba nisirudishwe nyumbani, lakini siwezi."

Mwalimu Kisanga alifungua mdomo, akaufunga Mkuu wa shule alipoinua kidole. Alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya kitenge, akaivaa, akaivua tena. Nilimwona anataka kusema kitu. Nikamngoja. Nilikuwa mtoto mwenye adabu.

"Hutaandika chochote," akasema mwishowe. "Kibao kitaondolewa. Nenda darasani."

Nilitoka pale nimevimba kwa fahari. Niliona wamemheshimu marehemu, wamekubali kwamba hakuna mwingine wa kukaa mahali pake. Na kama nilikuwa na chembe ya shaka kuhusu kifo cha Dorika, ilikwisha siku ile, kwa maana nilikuwa nimemwita marehemu mbele ya watu wawili wazima wenye elimu zao na hakuna aliyenisahihisha. Jioni nilikuta kibao kimeng'olewa, limebaki tundu.

Siku ya wageni tulipangwa kila mtu kando ya mti wake tangu asubuhi. Kina mama wa kijijini walikuwa wamealikwa kupiga ngoma, na zikawa zinalia huko mbele ya ofisi. Nilikuwa peke yangu mwisho wa mteremko, kiatu kinanibana, niliposikia mtu anazungumza nyuma ya miiba.

"We mdogo wangu, kibao changu kiko wapi?"

Nikageuka. Alikuwa msichana si mkubwa sana kunizidi, amefunga khanga, mtoto mgongoni, uso wa vumbi la njia. Alizungumza Kiswahili cha Kigogo, kile cha kuvuta mwisho wa neno. Nikauliza yeye ni nani, ingawa moyoni nilikwisha kujua.

"Dorika. Huu mti si wangu huu? Niliuchimbia mwenyewe, mpini wa jembe ukanivunjikia."

Midomo yangu ilianza kusoma kila kilichokuwa kichwani, cha Kiislamu na cha Kikatoliki, vyote kwa pamoja. Nikamwambia Dorika amekufa. Akacheka. Halafu akaona kwamba mimi sicheki, naye akaacha.

"Nani kasema nimekufa?"

Nilifikiri. Nilipitisha kichwani watu wote, Matroni, Eliza, Mwalimu Kisanga, Mkuu wa shule, nikitafuta ni nani kati yao aliyetamka. Hakuna. Nikamwambia hivyo, hakuna aliyesema. Ila hakuna aliyekutaja pia, nikasema, na nilipomwambia Mkuu wa shule kwamba umekufa alinyamaza.

Dorika aligeuza bega ili niuone uso wa mtoto, aliyekuwa amelala mdomo wazi. "Walinitoa kwa ajili ya huyu," akasema. Walimtaja paredi, mbele ya shule nzima, na kutoka siku ile hajakanyaga ndani ya uzio. Amekuja na mama yake, ambaye ni mmoja wa wapiga ngoma. Mama ameruhusiwa kuingia, yeye ameambiwa abaki njiani. Alisema hayo kama mtu anayeeleza bei ya mtama, lakini mkono wake ulikuwa umeingia katikati ya miiba unatafuta majani ya mti, na haukuyafikia.

Sijui niwaeleze vipi nilichokisikia moyoni, maana hakikuwa kitu kimoja. Kwanza nilimkasirikia yeye, kabisa, kwa kuwa hai, baada ya maji yangu yote. Kisha nikafurahi mpaka nikataka kuruka. Na katikati ya furaha ile, kwa kitambo kidogo sana, nikafikiri kwamba kama Dorika ametoka chini ya tuta lake na kuja na miguu yake, basi na bibi. Wazo lilikuja lenyewe, likakaa, nikaliona linaondoka. Ndipo nikalia, mara ya kwanza tangu tumzike. Dorika akaniuliza nalia nini, nikamwambia bibi yangu amekufa. Akasema pole, taratibu, kama watu wanavyosema msibani.

Ngoma zikanyamaza. Wageni walikuwa wanateremka, kofia zao pana, Mkuu wa shule mbele, Mwalimu Kisanga kando yao kama mkalimani. Dorika akarudi hatua nyuma, lakini hakuondoka. Nikajifuta uso kwa mkono wa shati. Nilijua nilichoagizwa kusema, tulifanya mazoezi: huu ni mti wangu, nimeutunza mwenyewe, naupenda. Nilijua pia nani amesimama nyuma yangu, na nani anaweza kunirudisha Kondoa.

Mzungu mmoja, mama mwenye uso mwekundu kwa jua, aliinama akaniuliza jambo. Mwalimu Kisanga akaligeuza kwa Kiswahili: mgeni anauliza, mti mzuri kama huu ni wa nani?

"Ni wa Dorika Ndahani," nikasema. Sauti ilitoka kubwa kuliko nilivyotaka. "Aliuchimbia mwenyewe. Hajafa."

Mkuu wa shule alitazama chini. Mwalimu Kisanga alisita kidogo tu, halafu akatafsiri, maneno mengi, marefu kuliko yangu mara kadhaa. Kiingereza changu kilikuwa cha kidato cha kwanza. Nilishika neno mvua, nikashika neno jamii. Lakini jina la mtu halibadiliki katika lugha yoyote, na mimi nililisikilizia kwa masikio yote mawili, na halikupita. Yule mama akatabasamu, akanishika mkono, wageni wote wakapiga makofi, na mmoja akatupiga picha, mimi na mti. Ofisini sikuitwa, siku ile wala baada yake, na mpaka leo sijui kama ilikuwa huruma au aibu.

Makofi yalipoendelea nikageuza shingo. Nyuma ya miiba, Dorika alikuwa amemleta mtoto kifuani. Yeye hakuhitaji mkalimani. Alikuwa amemshika mikono yote miwili, anampigisha makofi.